Viazi vya Maji Mawili

Kama umeambiwa wiki hii kwamba figo zako zimekwisha kazi, nakuandikia wewe, na neno langu la kwanza ni hili: usigawe nguo zako. Mimi niligawa. Nilitoa sketi mbili na sweta ya buluu, na kwa miaka mingi nimewaona niliowapa wakizivaa kanisani Jumapili, na siwezi kuzidai kwa sababu nilizitoa kwa sauti ya mtu anayekufa. Sikufa. Na ile sweta ilikuwa nzuri sana.

Sitakueleza figo inafanya nini. Hayo utaambiwa na madaktari, na usipoelewa uliza tena hata wakikunja uso. Mimi nataka kuzungumza juu ya asubuhi. Ugonjwa huu ulinivamia mezani, mbele ya kikombe na sahani, na hapo hapo mezani ndipo nilipokataa kushindwa. Leo sipo tena kwenye mashine ya kusafisha damu, kwa sababu mdogo wangu wa kiume alinipa figo yake moja, lakini nilipita miaka ya mashine kwanza, na bila kupita salama asubuhi zile nisingemfikia yeye wala figo yake.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa na hoteli ndogo pale Salama, kando ya barabara ya Mombasa. Madereva wa malori walifika kwangu kukipambazuka, macho mekundu, wakinyoosha migongo. Nilikuwa na chai ya maziwa iliyochemka mpaka ikageuka rangi, mandazi, chapati, na isyo, mahindi na maharagwe ya kuchemshwa pamoja ambayo Mkamba akiyakosa siku mbili anaanza kulalamika. Waliniita Mama Mumo, kwa jina la binti yangu, na walipiga honi kabla ya kusimama ili niwapakulie. Mimi nilikula wima, katikati ya kazi: bakuli la isyo, parachichi, ndizi mbili, na chai mpaka nitosheke. Nilijivunia tumbo langu.

Kwanza viatu vilikataa kuingia. Halafu uso ukavimba asubuhi na kupungua jioni, mume wangu Mutinda akanitania kwamba nanenepa kwa mandazi yangu mwenyewe. Halafu mdomo ukawa na ladha ya chuma, hata chai ikanishinda. Nilipofikishwa Nairobi nilikuwa napumua kama mtu aliyepanda mlima, na nilikuwa nimelala tu. Wakaniambia kuanzia siku hiyo damu yangu itasafishwa na mashine, Jumatatu na Alhamisi, na nisipokwenda nitakufa. Walisema hivyo hivyo, bila kuzunguka, na nawashukuru.

Kwa hiyo Jumatatu na Alhamisi nilipanda basi alfajiri nikaenda kukaa kwenye benchi la mbao nikingojea zamu. Benchi lile nalijua kuliko kitanda changu. Tulikuwa watu wa rangi moja hapo, weusi wa majivu, ngozi inawasha, midomo imekauka. Ungedhani tungezungumza juu ya kifo. Tulizungumza juu ya chakula. Mama mmoja wa Murang'a alikuwa anatueleza jinsi ya kupika ndizi na nyama, polepole, mpaka mwanamume mmoja akamwambia, "Mama, wachana na hiyo ndizi, unatuua." Tulicheka mpaka muuguzi akatoka kuangalia.

Muuguzi huyo tulimwita Sista Njeri. Ndiye aliyenifundisha kiamsha kinywa upya, nikiwa nimefungwa kwenye mirija, siwezi kukimbia.

"Mama Mumo, asubuhi unakulanga nini?"

Nikamtajia. Kila nilichotaja alitikisa kichwa. Ndizi hapana. Parachichi hapana. Maharagwe hapana, machungwa hapana, uji wa wimbi hapana, mkate wa kahawia hapana, maziwa kidogo tu, chumvi usiguse. Alisema ndani ya vyakula hivyo kuna kitu kinaitwa potasiamu, ambacho mtu mwenye afya hukikojoa na kukisahau, lakini kwetu sisi kingebaki mwilini na kwenda kuusumbua moyo mpaka usimame.

"Kwa hivyo nikule nini, mawe?"

"Ukule mkate mweupe. Ukule ule weupe wa yai, kiini mpatie mzee. Uji wa unga nyeupe, ile imekobolewa. Muthokoi pia ni sawa, lakini bila maharagwe. Chai nusu kikombe."

"Na viazi?"

"Viazi ukate vidogo vidogo, uloweke, uchemshe, umwage hiyo maji yote. Uweke maji ingine, uchemshe tena, umwage. Halafu ukule kidogo."

Nilimtazama. "Sista, kwenu ni wapi?"

"Nyeri."

"Nilijua. Kwenu maji iko mlangoni."

Kwetu maji hayakuwa mlangoni. Nyumba yetu iko juu ya Salama, kwenye vilima, na maji yalitoka kwenye mashimo tuliyochimba ndani ya mchanga wa mto mkavu. Punda alibeba mitungi minne, na kiangazi ulingoja shimo litoe maji kidogo kidogo, unachota kwa kibuyu, huku wengine wamepanga foleni nyuma yako. Maji ya kuoshea mboga yaliosha vyombo, yakaisha kwa kunywesha mbuzi. Mtoto akimwaga kikombe alichapwa. Na mimi nilirudi nyumbani kuwaambia watu hao kwamba viazi vyangu vinataka maji mara mbili, na yote yamwagwe.

Mama mkwe wangu, ambaye sote nyumbani tulimwita Mwaitu, yaani mama, alinisikiliza mpaka mwisho. Ndiye aliyeshika jiko nilipougua, kwa sababu mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeunganishwa mshipa kwa ajili ya mashine na nilikatazwa kubeba chochote kizito. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na mikono isiyopumzika. Aliuliza swali moja tu.

"Hiyo maji inatakiwa kutoka kwa viazi?"

"Eeh, Mwaitu. Yote itoke."

"Sawa."

Vita vya pili vilikuwa na wageni. Kwetu huendi kumwona mgonjwa mikono mitupu, na mgonjwa hawezi kuweka kando ulichomletea. Anaonja mbele yako. Akikataa ni kama amesema anauogopa mkono wako. Akina mama wa kanisa walikuja na viondo vimejaa: ndizi mbivu, machungwa, maparachichi, na uji wa wimbi kwenye kibuyu, mtamu, naisikia harufu yake hata sasa. Wakanimiminia kikombe. Wote wakanitazama.

"Asanteni sana," nikasema, "lakini hiki chakula kitaniua."

Kiongozi wao akasema, "Basi tuombe," na maombi yalikuwa marefu, na mengi yalikuwa yanamsihi Bwana ainyenyekeze roho yangu. Nilifumba macho nikasema amina kwa nguvu kuliko wote. Walipoinuka kuondoka niliwaambia wakirudi waniletee mkate mweupe, au sabuni, au mtungi wa maji. Baadhi walicheka. Wengine hawakurudi. Nawe nakuambia, waache wakasirike. Mtu akikukasirikia ukiwa hai mtapatana. Kikombe kile ningekinywa kwa adabu, wangenizika kwa adabu pia.

Nilijifunza kula. Ndimu badala ya chumvi, kitunguu na dhania kwenye ute wa yai, na ute ule ukikaangwa na hoho kidogo unadanganya ulimi vizuri kabisa. Muthokoi mtupu, mahindi yaliyotwangwa kwenye kinu mpaka maganda yakatoka, yakachemshwa na kuchujwa, nilikula nikihesabu baraka zangu. Chai yangu nilitia kwenye kikombe kidogo cha Mumo ili kionekane kimejaa. Msimu wa maembe ulipofika nilikaribia kulia, kwa sababu Makueni maembe yanaanguka hata juu ya paa. Mutinda alikuwa anakula yake nyuma ya ghala ili nisione, mwalimu mzima, halafu anakuja kunisalimia na nyuzi kwenye meno. Nilimwambia, "Baba Mumo, rudi ukale mezani. Mimi ndiye mgonjwa, si embe."

Nilikuwa nafanya kila kitu nilichoambiwa. Ndiyo maana niliwaka siku Sista Njeri alipoketi kando ya kitanda changu na karatasi ya vipimo na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Mama Mumo, ni nani anakupatia ndizi?"

"Hakuna."

"Potasiamu yako iko juu sana. Juzi ilikuwa juu, leo ni mbaya zaidi."

"Sijakula ndizi. Sijakula chungwa. Hata embe sijalamba, na naliona kila siku."

"Wote hapa wanasema hivyo, mama."

"Mimi si wote!"

Benchi zima lilisikia. Nilitoka pale kwa hasira. Kunyimwa chakula nilikuwa nimekubali. Kunyimwa chakula na bado kuitwa mwizi wa chakula, hapana.

Na mwili ulikuwa unamuunga mkono yeye. Miguu ilianza kuwa mizito, midomo ikafa ganzi. Mvua ya Novemba ilikuwa imekataa mwaka ule, mchanga wa mto umekauka chini kabisa, punda anatoka giza na kurudi jua likiwa kali. Alhamisi moja nilikunywa uji wangu, nikajaribu kuinuka niende basini, na miguu haikuja. Moyo ulikuwa unapiga, unaruka, unangoja, unapiga. Mutinda alinibeba mgongoni mpaka barabarani, akasimama katikati ya lami na mikono juu. Lori la kwanza lilisimama, na dereva alikuwa mteja wangu.

"Huyu si Mama Mumo wa chai? Leta, leta!" Akanilaza nyuma ya kiti chake. Njia nzima alikuwa ananipigia kelele. "Mama Mumo, usikufe kwa gari yangu! Polisi watanisumbua! Unanisikia?"

Nilimsikia. Nilitaka kumjibu vibaya na sikuweza, na nadhani hilo ndilo lililonifanya nifike, hamu ya kumjibu.

Waliniunganisha mashine mara moja. Moyo ulipotulia, Sista Njeri alikuja akakaa. Sasa hakuuliza habari za ndizi.

"Uso wako si wa mtu anadanganya," alisema. "Ni nani anakupikia?"

"Mama ya mzee."

"Enda uone vile anapika. Usiulize. Ona."

Kesho yake nyumbani niliamka na jogoo nikaenda kukaa jikoni, kwenye kigoda, karibu na mafiga. Mwaitu hakupenda.

"Umekuja kunichunga?"

"Nimekuja kuota moto."

Akaweka sufuria ya uji motoni. Kisha akainama kwenye pembe, akatoa sufuria nyingine iliyofunikwa na sahani, akamimina maji yake kwenye ile ya uji. Maji yalikuwa na ukungu, na harufu yake niliijua.

"Mwaitu, hiyo ni maji gani?"

"Ni ile ya viazi ya jana. Na ya kabichi."

Nikapaza sauti. "Si niliambia hii nyumba hiyo maji imwagwe!"

"Ilitoka kwa viazi! Si ulisema itoke kwa viazi? Ilitoka." Alikuwa ameshika mwiko hewani. "Asi! Ulitaka nimwage chini? Hii maji? Punda ilianguka kwa kuleta hii maji. Na hata iko na nguvu. Nilikuwa nakuona unaisha kama sabuni, nikasema, wacha huyu mwana apate kitu kidogo ya nguvu kwa uji yake."

Kila asubuhi, basi. Kila kitu kibaya kilichotolewa kwenye viazi kwa kazi ngumu kilihifadhiwa vizuri, kikafunikwa, kikarudishwa kwangu kikiwa moto. Alifanya hivyo kwa mapenzi na kwa akili ya kiangazi, na karibu nife. Nililia, si kidogo. Yeye alivuta leso yake akatoka akaenda kukaa kwenye banda la mbuzi, na hakurudi mpaka mchana.

Kelele zile zilivuka ua. Jirani yetu Mama Kioko, tuliyechota naye maji kwenye shimo moja, alisikia nusu na kujazia nusu, na kufikia Jumapili kanisa zima lilijua kwamba Mwaitu amemlisha mke wa mwanawe sumu. Mwaitu alikwenda ibadani, akakaa benchi lake, na hakuna aliyekaa karibu naye. Nikainuka kwa taabu nikaenda kukaa pale. Hatukuwa tunasemezana. Nilikaa tu.

Jioni hiyo Mutinda aliniambia, macho chini, labda niende kwetu Kabati, upande wa Kitui, nikae na mama yangu mpaka mambo yapoe.

"Kutoka Kabati mpaka kwa mashine mara mbili kwa wiki, nitafika mara ngapi?"

Akakuna kichwa.

"Nimeolewa hapa, nimeugua hapa, na hapa ndipo nitakula. Mambo yapoe nikiwa hapa."

Nilisema kwa ujeuri, lakini nilikuwa na hofu. Sufuria sikuweza kuinua. Mumo alikuwa mdogo. Hoteli alikuwa ameshika dada yangu, hangeweza kuiacha. Uhai wangu wote ulikuwa mikononi mwa mwanamke ambaye tangu kuzaliwa hakuwa amemwaga maji safi wala machafu bila kuyapa kazi, na ambaye sasa alikuwa ameumia moyoni. Kumwambia tena "mwaga" hakungetosha. Alikuwa ameshanisikia mara ya kwanza, akatii alivyoelewa.

Kwa hiyo Jumatatu nilimwambia, "Mwaitu, twende na mimi." Alivaa kilemba chake cha kanisani. Hakuniuliza wapi.

Walimruhusu kukaa kando yangu. Aliona sindano zikiingia, akageuza uso, akaurudisha. Aliona damu yangu ikitoka kwenye mrija, ikizunguka kwenye mashine, ikirudi. Kwa saa zile zote hakuegemea kiti. Kuna wakati alinyoosha kidole akaugusa mrija polepole.

"Ni moto," alisema.

"Ni damu yangu, Mwaitu."

Sista Njeri alipopita akamshika mkono. "Mwanangu, hii mashine inatoa nini kwa huyu?"

"Mama, inatoa ile kitu ilikuwa kwa maji ya viazi. Siku mzima inatoa hiyo tu."

Mwaitu aliuachia mkono wa Sista. Alitazama ile mashine, kisha mimi, kisha mapaja yake. Tulirudi na basi mpaka Salama. Tulipoanza kupanda kilima, mimi nikipumzika kila hatua chache, alinishika kiwiko cha mkono mzuri, na hakukiachia mpaka mlangoni.

Kesho yake asubuhi nilisikia viazi vikikatwa. Nilikaa nje juani, mlango wa jikoni uko wazi. Akachemsha maji ya kwanza. Akatoka na sufuria, akasimama katikati ya uwanja, akainamisha. Maji yalianguka mavumbini, na kuku wakakimbilia wakidhani ni chakula. Nilimwona anavyotazama lile doa likikauka. Akarudi ndani, akaweka maji ya pili.

Mama Kioko alikuwa uani kwake na mbuzi mmoja aliyebaki mbavu tupu. Aliona. Alikuja mpaka kwenye ua, na sikumlaumu, kwa sababu kiangazi kile kilikuwa chetu sote.

"Mama Mutinda, unamwaga maji? Tunalala kwa shimo, na wewe unamwaga? Si hata ungeweka kwa karai upatie mbuzi?"

Mwaitu alikuwa ametoka na maji ya pili. Hakusimama. Aliyamwaga yote, akaikung'uta sufuria.

"Ikikaa kwa karai, kesho mkono yangu itaichukua," alisema. "Huu mkono naujua. Umezeeka ukichunga maji."

"Lakini mbuzi zitakufa!"

"Mbuzi ikikufa nitanunua ingine. Huyu nitamnunua soko gani?"

Mama Kioko alinitazama, akatazama chini, akarudi kwa mbuzi wake. Nami nilikuwa nimeolewa nyumba ile miaka mingi, nimemzalia mjukuu, nimemfulia, nimemnunulia viatu, na sikuwahi kusikia kutoka kinywani mwake kwamba ningemfaa chochote.

Akaniletea sahani: viazi vyenye ndimu na kitunguu, kipande cha mkate, chai katika kile kikombe kidogo. Alikaa kwenye kigoda mbele yangu kuhakikisha nakula. Nilikula vyote. Nikaomba viazi vingine.

Akaninyima.